Ugonjwa Hauponi kwa Barua ya Suspenshen

Leo niko na kesi na watu watatu: deputi wa shule ya bweni, mzazi anayesema "hii ni ujana tu," na nyinyi wenzangu mnaopiga video za "dalili tano uko na dipresheni" mkiwa mmewasha taa za rangi. Tuanze na deputi, kwa sababu yeye ndiye ako na kalamu.

Kila shule ya bweni Kenya hii iko na huyu mwanafunzi. Kidato cha kwanza alikuwa namba tano darasani. Kidato cha pili ako namba mia moja na kitu. Prepu analala. Mwalimu akimuuliza swali anajibu vibaya ama hajibu kabisa. Mpira aliwacha. Chakula anawachia wenzake. Kila Jumatatu asubuhi ako kwa metroni analia tumbo, anapewa Panadol na kuambiwa aende klasi. Amepatikana mara mbili amejificha bwenini wakati wa masomo. Basi mashtaka yanaandikwa: kulala darasani, utoro, uvivu, kukosa heshima kwa walimu. Anapewa barua. Wiki mbili nyumbani, arudi na mzazi.

Sasa chukua hiyo karatasi ya mashtaka, uiweke kando ya karatasi nyingine ambayo madaktari na washauri hutumia dunia nzima. Iko na maswali 9. Inaitwa PHQ-9, na kuna toleo lake la vijana. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unapenda? Umekuwa na huzuni, hasira, ama kuona hakuna tumaini? Usingizi umekataa ama umezidi? Umechoka bila nguvu? Chakula? Unajiona huna maana, umeangusha watu wako? Kichwa kinakataa kushika masomo? Unasonga polepole sana ama huwezi kutulia? Umekuwa na mawazo kwamba afadhali ungekufa ama ujidhuru?

Soma tena hizo karatasi mbili. Kulala darasani ni usingizi na uchovu. Kuwacha mpira ni kukosa hamu. Kushuka kutoka namba tano ni kichwa kukataa kushika masomo. Kujibu walimu vibaya ni hasira. Deputi, umeandika dalili za ugonjwa kwa mwandiko mzuri kabisa, ukapiga muhuri wa shule, halafu ukaziita utovu wa nidhamu.

Na hapo kwa hasira ndipo watu wengi wanapotea. Tukisikia dipresheni tunafikiria mtu anayelia kwenye kona. Mtu mzima mara nyingi yuko hivyo. Kijana anaweza kukosa kulia hata siku moja. Vitabu ambavyo madaktari wa akili hutumia vinasema wazi kwamba kwa watoto na vijana, kuwa na hasira na kukasirika ovyo kunaweza kuchukua nafasi ya huzuni. Ongeza maumivu ya tumbo na kichwa ambayo vipimo havioni kitu. Ongeza kijana wa kiume ambaye amefundishwa tangu utotoni kwamba mwanaume halii, basi inatokea kama ngumi, ama pombe, ama bangi. Huyo unamwona kama mkorofi, na ukorofi tuko na dawa yake tayari: kiboko, ambacho kwa sheria kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia, lakini sote tunajua bado kiko kwa ofisi gani.

Wacha niseme kitu nilichoona mimi mwenyewe. Nilisoma bweni, shule siitaji. Kulikuwa na kijana wa kyubiko yetu ambaye alitumwa nyumbani mara mbili muhula mmoja kwa kulala na kukataa kuenda prepu. Kila akirudi alikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyumbani nako babake alikuwa amemwambia anakula karo ya bure. Mara ya tatu hakurudi. Miaka baadaye tukapatana mjini. Akaniambia ni klinikal ofisa wa hospitali ya kaunti, alienda kutibiwa tumbo, ndiye alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza: "Na usingizi? Na huwa unawaza nini ukiwa peke yako?" Mtu wa kwanza. Na shule nzima ilikuwa na walimu zaidi ya thelathini, metroni, padre wa kuja Jumapili, na ofisi iliyoandikwa Ushauri Nasaha mlangoni. KCSE alikuja kuifanya baadaye kama mtahiniwa wa kibinafsi, na anafanya kazi. Wako wengine ambao hatupatani nao mjini, na kila shule inajua majina yao.

Sasa najua vile mtajibu, kwa hivyo tuzipitie moja moja.

"Sisi tulichapwa na tukatoka salama." Nani anasema hivyo? Aliyetoka. Yule ambaye hakutoka hayuko kwa grupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa zamani akipinga. Huwezi kuhesabu waliobaki peke yao halafu useme hakuna aliyepotea. Na hata huyo aliyetoka, ukimuuliza vizuri kama analala usiku, utashangaa.

"Kizazi laini." Wacha tuangalie namba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 duniani ako na tatizo la akili, na kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya akili ya maisha yote huanza kabla ya miaka 14. Hapa Kenya kulifanywa utafiti wa kitaifa wa vijana wa miaka 10 hadi 17, ukatolewa 2022. Zaidi ya 4 kati ya 10 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili mwaka uliotangulia, na takriban 1 kati ya 8 walifikia kiwango cha kuitwa ugonjwa kamili. Hiyo ni magonjwa yote ya akili pamoja, si dipresheni peke yake. Lakini piga hesabu ya darasa la watu 50. Ni kama watoto sita. Ukiwa na watoto sita wenye malaria darasani hautasema kizazi laini, utaita gari la hospitali.

"Wanaigiza ili wasifanye mtihani." Wako wanaoigiza, kama vile wako wanaoigiza tumbo. Lakini huyu wa kwetu amekuwa hivi wiki tatu, nne, miezi miwili. Amewacha hata vitu ambavyo havina mtihani: mpira, muziki, marafiki, nyama ya Jumamosi. Nani anaigiza kwa kukataa nyama? Na hata kama anaigiza, huwezi kujua bila kuuliza, na kuuliza ndiyo kitu mnakataa kufanya.

"Walimu ni wachache, hatuna washauri." Hii ndiyo hoja ya maana pekee kwa hizi zote, na naiheshimu. Mwalimu wa ushauri nasaha shule nyingi ni mwalimu wa Kemia mwenye vipindi vingi kama wengine, aliyeongezewa hiyo kazi kwa sababu ana sura ya upole. Wakati mwingine ndiye huyo huyo anakaa kwa kamati ya nidhamu, sasa mtoto amwambie siri zake kwa nini? Lakini jibu la hoja hii limefanyika hapa hapa. Shamiri, shirika lililoanzishwa na Mkenya, Tom Osborn, lilichukua vijana waliomaliza shule, wa miaka 18 hadi 22, wasio madaktari wala wanasaikolojia. Wakawafunza. Wakawapeleka shule za sekondari za Nairobi na Kiambu kukaa na wanafunzi wenye dalili, kwa vikundi, saa moja kwa wiki, kwa wiki 4. Walizungumza juu ya mtu kuweza kubadilika, juu ya shukrani, juu ya vitu anavyothamini maishani. Wanafunzi 413 walishiriki, wengine wakipewa mafunzo ya jinsi ya kusoma ili kuwe na ulinganisho. Matokeo yalichapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry: dalili za dipresheni na wasiwasi zilishuka kwa wale wa Shamiri zaidi kuliko kwa wale wengine, na miezi kadhaa baadaye tofauti ilikuwa bado iko. Saa nne! Kwenye shule ambayo iko na saa nne kila Jumamosi za "intensivu" ya Hesabu. Kwa hivyo wacha tuseme ukweli, shida hapa ni vile tunapanga ratiba.

Mzazi, sasa ni zamu yako, na naongea kwa heshima, mama na baba.

Kuna tofauti kati ya ujana na ugonjwa, na inaweza kuonekana kwa macho. Kijana wa kawaida atakununia Jumanne, Alhamisi anacheka na simu yake. Atagonga mlango, lakini chapati zikiiva atatoka. Dipresheni haitoki kwa sababu ya chapati. Inakaa karibu siku nzima, karibu kila siku, wiki mbili na zaidi, na inakula vitu vingi kwa wakati mmoja: usingizi, chakula, masomo, marafiki, kuoga. Ukiona hivyo, wacha kuuliza "shida yako ni nini?" kwa ile sauti. Tena usitarajie akuambie "mama, niko na sonona." Hilo neno sanifu liko kwa vitabu, hapa kwetu hakuna mtu analitumia. Sisi kila kitu ni stresi: karo ni stresi, foleni ya barabara ni stresi, mapenzi ni stresi, na ugonjwa wenyewe unabaki bila jina. Mtoto atakuambia "nimechoka." Atakuambia "sijiskii." Ukimuuliza uko aje atasema "niko tu." Sikiza hiyo "niko tu." Ikirudi kila siku kwa wiki mbili, hiyo ni taarifa.

Na kuna swali moja ambalo wazazi wanaogopa kuliko yote, kwamba ukimuuliza kama amewahi kufikiria kujiua utamtia hilo wazo. Hapana. Shirika la Afya Duniani linaitaja hiyo kati ya imani potovu. Kuuliza kwa upole na kwa maneno wazi humpa nafasi ya kusema kile amekuwa akibeba peke yake. Akisema ndiyo, usimkemee, usimhubirie, usimwache peke yake. Dawa zote hatari za nyumbani na za shamba zifungiwe mahali hawezi kufikia, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje likizo.

Maombi? Omba. Mimi sina vita na kanisa wala msikiti. Lakini malaria unaiombea ukiwa kwenye foleni ya maabara, hauiombei ukiwa umefunga mlango. Na tafadhali, mtoto ambaye tayari anajiona hana maana usimpeleke mbele ya watu atolewe mapepo.

Hospitalini kunafanywa nini? Watu wengi wanaogopa kwa sababu wanafikiria ni sindano na Mathari. Daktari ama klinikal ofisa kwanza atauliza na kupima, kwa sababu upungufu wa damu na shida ya tezi ya shingo pia huleta uchovu kama huo. Atauliza pia kama kuna vipindi ambapo mtoto amekuwa na nguvu na furaha kupita kiasi bila kulala, maana hiyo ni hadithi nyingine na dawa yake ni tofauti. Ikiwa ni dipresheni nyepesi, mazungumzo na mshauri, usingizi wa kutosha, mazoezi ya mwili na kufuatiliwa karibu vinaweza kutosha. Ikiwa nzito, kuna tiba ya mazungumzo yenye mpangilio: moja inamfundisha kijana kushika mawazo yake na kuyapima, nyingine inashughulikia mahusiano yake, kama kufiwa, ugomvi wa nyumbani ama kuachwa. Na dawa iko. Kwa vijana, ile yenye ushahidi mzuri zaidi ni fluoxetine, na inatakiwa iandikwe na mtu anayejua kutibu vijana. Inachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Wiki za kwanza kijana anatakiwa kuangaliwa kwa ukaribu, kwa sababu tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kwamba kwa wengine mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni. Hiyo si sababu ya kukimbia dawa, ni sababu ya kumfuatilia. Na akipata nafuu, asiwache ghafla. Mara nyingi anaendelea miezi sita ama zaidi baada ya kupona.

Umeona kuna kitu cha ajabu hapo? Hakuna. Ni ugonjwa, uko na vipimo, uko na matibabu, na vijana wengi wanapata nafuu. Ndiyo maana nakasirika hivi. Kama ingekuwa hakuna la kufanya, ningenyamaza.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya deputi. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilisema mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho. Lakini mpaka Januari 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa bado kinasema mtu aliyejaribu kujiua na kupona ni mhalifu, anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Ni Mahakama Kuu ndiyo ilisema kinakwenda kinyume na Katiba. Fikiria kijana anayetoka wodini akijua polisi anaweza kuwa mlangoni. Halafu tunauliza kwa nini hawasemi. Sheria yenyewe ilikuwa inatumia akili ya deputi: kwanza adhabu, maswali baadaye.

Na nyinyi wenzangu wa kontenti, msidhani nimewasahau. Kumwambia kijana wa miaka 14 kwamba akipenda kukaa peke yake na kusikiza muziki wa huzuni ako na dipresheni ni uongo unaolipwa kwa vyuu. Mnawapa walimu risasi ya kusema "ni fasheni ya TikTok." Huzuni ya kuachwa na mpenzi si ugonjwa. Wiki mbaya si ugonjwa. Ukipiga video, taja wiki mbili, taja maisha kusimama, halafu taja mahali pa kuenda. Na uwache kuuza kozi ya "kuponya nafsi" kwa mtoto ambaye anahitaji daktari.

Sasa ninataka nini? Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, hakuna barua ya suspenshen kwa mwanafunzi ambaye tabia yake imebadilika, mpaka mtu aliyefunzwa akae naye na yale maswali 9. Dakika kumi. Karatasi moja. Hiyo karatasi haipimi ugonjwa kikamilifu, inaonyesha tu nani apelekwe hospitali, lakini hata hiyo ni zaidi ya tunachofanya leo.

Pili, mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango unaofungika, na atolewe kabisa kwenye kamati ya nidhamu. Huwezi kuwa askari na muungamishi kwa wakati mmoja.

Tatu, mtoto akionekana ni mgonjwa, arudishwe nyumbani na barua ya hospitali. Tofauti ya hizo barua mbili ni kubwa kuliko mnavyofikiria. Moja inamwambia baba, "mtoto wako ni mbaya." Nyingine inamwambia, "mtoto wako anaumwa, msaidie." Baba yule yule, nyumba ile ile, lakini mtoto anaingia kwa mlango tofauti.

Kama wewe ni kijana na umesoma mpaka hapa ukijiona, usingoje shule ibadilike. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, hata kama ni shangazi ama mpishi wa shule, umwambie ni wiki ngapi. Namba 116 ya watoto ni ya bure, na 1199 ya Msalaba Mwekundu pia. Huyo wa kwanza akikupuuza, ambia wa pili.

Na wewe deputi, kuna barua iko kwa meza yako saa hii, bado hujaitia sahihi. Mwite huyo mtoto. Funga mlango, muwekee kiti, umuulize usingizi uko aje.